Mama Mwenye Mtoto Mgongoni

Mwanga wa jioni ulikuwa na njia yake katika nyumba ya Kokubanza kule Buganguzi. Ulipenya migombani, ukaingia dirishani, ukavuka sakafu iliyotandikwa nyasi, ukapanda ukutani polepole mpaka usoni pa mama wa mti. Hapo ulikaa. Ulikaa kama mgeni aliyepewa kiti.

Haya nimesimuliwa na Evodia, mke wa Aristides, mkwe wa Kokubanza, msimu wa senene uliopita. Tulikuwa barazani kwake Kahororo, mjini, tukiwanyonyoa mabawa panzi hao wa kuliwa, beseni katikati yetu, na siku hiyo mdomo wake ulikuwa mwepesi kuliko vidole.

Mama wa mti alikuwa sanamu ya mti wa mushambya, kimo chake mkono wa mtu mzima, mweusi kwa moshi wa meko. Kichwa kimeinama upande, kama anayesikiliza pumzi nyuma yake. Miguu mipana, vidole vimetawanyika, miguu ya kupanda vilima. Na mtoto yuko mgongoni, kafungwa kwa nguo, shavu lake limelala begani kwa mama. Aliyelichonga lile shavu, waitu, alishawahi kubeba mtoto.

Ulitoka wapi, mama?

Wengine walisema katekista alimchonga kwa ajili ya kanisa, padri akamrudisha, maana Bikira Maria wa kwenye picha humpakata mwanawe kifuani. Wengine walisema alivuka ziwa kutoka Uganda ndani ya mtumbwi wa samaki. Wengine wakashusha sauti, wakasema alikuwepo kabla ya rozari yenyewe. Yeye hakukubali, hakukana. Alisikiliza pumzi.

Kokubanza alisali mbele yake kila jioni. Jirani Elieza, Mlutheri, akipita kuomba moto hakukosa la kuchokoza.

"Nyie Wakatoliki! Huyu mama yenu anakwenda shamba!"

"Anakwenda palizi, Elieza. Wewe ya kwako umeshamaliza?"

Elieza akacheka, akachukua moto wake, akaondoka.

Kibanja, shamba la ukoo la migomba na kahawa, kilipita kwa wanaume, baba kwa mwana. Mama wa mti alipita kwa wanawake, mkwe kwa mkwe. Mama mkwe wake Kokubanza alimshusha ukutani siku moja, akamweka mikononi mwa binti aliyeolewa, akasema neno moja tu: "Mlee." Naye akamlea, hata alipobaki mjane, hata mwanawe Aristides alipohamia mjini.

Ndipo akaja Rugaibula kutoka Mwanza, mdogo wa marehemu mumewe. Sehemu yake ya kibanja ilikuwa ile ya chini, yenye kahawa nzito, yenye ndizi zinazoinamia njia, yenye kaburi la kaka yake.

"Shemeji, nauza," alisema. "Nimeanza kwako kwa sababu wewe ni wa nyumbani. Ukishindwa, yuko tajiri mmoja anangoja."

"Na kaka yako aliyelala pale, shemeji? Unamuuza na yeye?"

Rugaibula akatazama viatu vyake. "Nakupa mpaka kahawa iishe kuchumwa."

Kahawa ilikuwa imeshaanza kuwa nyekundu.

Kokubanza akageuka huku, akageuka kule, na kila alipogeuka hapakuwa na cha kuuza. Palikuwa na yule mmoja tu, ukutani, anayesikiliza. Na yule hakuwa wake peke yake. Akamwita Evodia aje kutoka mjini.

"Mwanangu, yule ni wako kesho. Leo tu ndiyo wangu. Nisemeje?"

Evodia akamtazama mama wa mti. Kisha akasema, "Mama, nikirithi sanamu bila kibanja, nitaitundika wapi? Kwenye mwavuli?"

Wakacheka mpaka machozi. Machozi yalikuwa yanatafuta njia tangu asubuhi.

Mnunuzi alikuwa Bartholomayo wa Kibeta, muuza vitu vya kale. Alikuja, akamtazama mama wa mti pale ukutani, akataja bei inayotosha kibanja, akaahidi kurudi na gari. Nao wakabaki kumwandaa msafiri. Sasa niambie, nani anamtoa binti nyumbani na masizi usoni? Wakachemsha maji. Wakamwosha kwa kitambaa laini, nyuma ya masikio, katikati ya vidole. Wakampaka samli kama bibi harusi. Maji yakawa meusi, na kutoka kwenye weusi ule mama wa mti akatoka wa kahawia, wa asali, anang'aa.

Ulitoka wapi, mama, na uzuri wote huu ulikuwa umeuficha wapi?

Bartholomayo aliporudi, alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Mungu wangu! Mmemwogesha?"

"Anakwenda safari, baba. Tumwache na masizi?"

"Masizi ndiyo miaka yake! Nani ataamini sasa kwamba ni wa zamani? Bei ile imekufa."

Kule chini, katikati ya mibuni, kaburi lilikuwa linangoja.

Bartholomayo akazunguka sanamu, akasogea karibu. "Labda tuseme hivi. Wewe useme ni wa enzi za kabla ya mapadri. Sema ulihadithiwa na bibi. Hapo bei inafufuka."

Kokubanza akamtazama mama wa mti, akatazama mibuni kule chini.

"Siwezi kumzulia ukoo. Nilimkuta ukutani. Ninachojua ni kwamba alipendwa."

"Kupendwa hakuonekani, mama."

"Mgeuze."

Akamgeuza kwenye jua. Pale utosini pa mtoto, mahali masizi yalipokuwa yamefunika, palikuwa na shimo dogo, laini kama ndani ya gamba la konokono. Hakuna patasi inayokwangua hivyo. Ni vidole. Vidole vya wanawake, mmoja baada ya mwingine, mwenye mtoto mwenye homa, mwenye tumbo linalochelewa, mwenye mume asiyerudi. Wamepita na kugusa, wamepita na kugusa, mpaka mti ukakubali.

Bartholomayo akaweka kidole gumba pale. Kikaenea.

Akavua kofia. Hakuzungumzia tena masizi. Alilipa bei ile ile ya kwanza.

Kokubanza akafunga akamwani, zile kahawa za kutafuna, kwenye kipande cha jani kavu la mgomba, akazitia ndani ya kanga aliyomfungia mama wa mti.

"Za nini hizi?"

"Hatoki kwangu mikono mitupu."

Rugaibula alipokea haki yake mbele ya wazee wa ukoo, akashuka kaburini kwa kaka yake, akakaa huko kitambo. Aliporudi alisema tu, "Ahsante, shemeji."

Jioni ile mwanga ulikuja kwa njia yake. Migombani, dirishani, juu ya nyasi, ukapanda. Evodia hakutaka kutazama. Lakini ule ukuta! Moshi ulikuwa umeupaka wote isipokuwa pale alipokaa mama wa mti. Alikuwepo, mweupe kwenye weusi: kichwa kimeinama, na kivimbe kidogo cha mtoto begani. Zamani alikuwa mweusi, akiunywa mwanga. Sasa mwanga ulitoka kwake, ukamwagika chumbani, ukafika mpaka mkekani.

"Mama, amerudi!"

"Hajarudi. Atakuwa anashangaa mjini saa hizi. Lala, umechoka."

Evodia akajilaza nyuma ya mkwewe, shavu karibu na bega lake, na usingizi ukamchukua. Kokubanza akabaki ameketi, miguu mipana juu ya nyasi, kichwa kimeinama upande, akisikiliza pumzi nyuma yake. Mwanga ukapanda polepole ukamfikia usoni, ukakaa. Kisha macho yake nayo yakafumba, akalala.