Kidonge Kisicho na Dawa

Bibi alikifunga kitabu kwa kishindo, chai ya mumewe ikamwagika sahanini.

"Umeniletea riwaya ya kunipandisha presha," alimwambia mjukuu wake wa kike, aliyekuwa amepiga magoti akimkata babu yake kucha za miguu.

Riwaya ilimhusu daktari aliyempenda mkewe kupita kiasi. Mke alikuwa kwenye majaribio ya dawa mpya: nusu ya wagonjwa wanapewa dawa, nusu vidonge vitupu, ili ijulikane kama inatibu kweli. Mke akaangukia vitupu. Daktari akambadilishia kwa siri. Mke akapona, majaribio yakavurugika, dawa ikakataliwa, wengine wakafa wakiisubiri.

"Sasa umeelewa kwa nini siwezi?" mjukuu aliuliza.

Yaliyo kitabuni yalikuwa yamewafika na wao. Babu, fundi cherehani, alikuwa akitetemeka mikono hata sindano haishikiki. Alikuwa kwenye majaribio hospitalini, na mfamasia anayemfungia vidonge ni mjukuu huyuhuyu. Bibi alikuwa amembembeleza hadi ulimi ukamkauka: aseme babu anameza nini, na kama ni vitupu, abadilishe.

"Nimeelewa kwamba yule mwanamume alikuwa na akili."

"Na waliokufa?"

"Wana bibi zao wa kuwalilia. Mimi wangu ni huyu."

"Huyu anasikia," Babu alisema. "Msimkasirishe mwenye kifaa cha kukatia, kidole changu kitaondoka na kucha."

Mjukuu hakucheka. "Nimemwomba mkuu wangu anitoe kwenye utafiti. Kesho vidonge atavifunga mtu mwingine."

"Unakimbia lawama."

"Naikimbia mikono yangu, Bibi. Juzi nilishika kichupa cha babu na cha mgonjwa mwingine. Nusura nibadilishe."

Alipomaliza kusema ndipo alipojiziba mdomo. Hakuna anayetaka kumbadilishia mtu dawa iliyo dawa. Bibi alilipata jibu alilolitafuta siku zote hizo: vitupu. Alitaka kugomba, asijue amgombeze nani.

Babu alikohoa. "Pale hospitalini tunaposubiri vidonge kuna mwenzangu, tulianza naye akitetemeka kunishinda. Wiki hii kanifunga vifungo vya shati."

"Nani kakuuliza habari zake?" Bibi alifoka.

"Mimi nitaendelea kumeza vyangu."

Bibi alikusanya vikombe, akaenda kuviosha kwa kelele, visafi pamoja na vichafu. Nyuma yake alimsikia mzee akimbembeleza mjukuu aliyekuwa akilia: "Nyamaza, mama. Bado mguu wa pili."