Mitamba Wawili wa Ndesanjo

Mwanangu wa mwisho, Ndesanjo, ana duka la simu na vitu vya umeme mjini Arusha. Mwezi wa sita alipanda kwangu huku Nkoaranga na maboksi mawili kwenye buti ya gari, akayatua juu ya meza ya chakula, akasema, "Mama, chagua moja libaki hapa. Lingine narudi nalo dukani."

Nikadhani ni majiko ya kuokea.

Kumbe ni mashine za gemu. Moja nyeupe, ndefu, ina mabega yamesimama kama kola ya mchungaji. Hiyo inaitwa PlayStation. Ya pili nyeusi, nene, imesimama wima kama debe la mafuta ya taa. Hiyo ni Xbox. Ndesanjo akaniambia zimetoka pamoja, mwaka mmoja, kama watoto wa rika moja, na dunia nzima imegawanyika kwa ajili yao.

"Sasa mimi nachaguaje kitu nisichokijua?"

"Ndiyo maana umechaguliwa, mama. Wanaojua wote wana upande."

Wenye upande walikuwa wajukuu zangu wawili. Prosper ni mtoto wa mwanangu wa kwanza, Mika, anakaa Sokon One. Nice ni mtoto wa binti yangu Elizabeth, aliyeolewa na Lemburis, Mwarusha wa Ngarenaro. Huyu wa Mika ananiita Bibi. Wa Elizabeth ananiita Koko, kama Waarusha wanavyoita. Wote wawili walikuwa wanamalizia Jumamosi zao kwenye vibanda vya gemu huko mjini, na Ndesanjo akaona heri mashine moja ikae kwangu, waje wachezee hapa, wale chakula, waonekane.

Tangu babu yao afariki, nyumba hii ilikuwa imenyamaza. Viti kumi na kimoja, na anayekaa ni mimi na paka. Wajukuu niliwaona Krismasi na siku za kuchuma kahawa, na hapo kwenye kahawa ni kwa kuburutwa.

Jumamosi hiyo wakaja wote. "Shikamoo Bibi." "Shikamoo Koko." Sijamaliza hata kusema marahaba, vita ikaanza.

"Bibi, nyeupe ndiyo baba lao. Hiyo nyingine ni friji limekosa mlango."

"Koko, usimsikilize. Nyeusi ina nguvu. Ina teraflopu kumi na mbili, yake ina kumi tu."

"Teraflopu zinaliwa?" nikauliza.

Wakatazamana. Nikaona kumbe hakimu nina nafasi.

"Bibi, nakuambia mapema," Prosper akasema, "ukichagua friji, huku utaniona Krismasi."

"Na wewe ukimpa hilo bata mzinga lake," Nice akasema, "mimi hata hiyo Krismasi naila Kisongo kwa kina baba."

Walicheka. Mimi sikucheka. Nilichukua ndoo yangu nikaenda kumkamua Kidosho.

Huwa nafikiri vizuri nikiwa nimeegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe. Nikakumbuka jinsi mimi na mume wangu tulivyomchagua huyu Kidosho akiwa mtamba. Tulikwenda kumtazama miezi minne. Tulimtazama akila, akinywa, akipanda mlima, akinyeshewa. Mwenye ng'ombe alichoka mpaka akawa anatupikia chai kama wakwe. Na hakuna mtu aliyetuharakisha, kwa sababu kila mtu huku anajua mtamba hachaguliwi kwa siku moja.

Nikarudi na maziwa, nikawaambia, "Hizi mashine nitazipima kama ng'ombe. Kila Jumamosi kipimo kimoja. Na wote wawili muwepo, asije mtu akasema nimependelea."

Ndesanjo akashika kichwa. "Jumamosi ngapi, mama?"

"Ng'ombe mimba yake ni miezi tisa."

"Mama!"

"Basi tuanze na nne."

Jumamosi ya kwanza nilipima pumzi. Ng'ombe anayehema akiwa amesimama usimchukue. Walicheza mpira, mechi hiyo hiyo, kwanza kwenye nyeupe, halafu kwenye nyeusi, na mimi nikapiga magoti kuweka sikio na kiganja. Nyeupe ilipumulia mgongoni. Nyeusi ilipumulia utosini, hewa ya moto kidogo, na paka wangu akahamia juu yake saa hiyo hiyo. Ikabidi tumtoe mara tatu. Zote zilikuwa kimya kuliko Mika akilala.

"Sare," nikasema.

"Sare!" Prosper akaruka. "Bibi, mechi ya leo nimeshinda nne bila!"

"Sikupimi wewe. Wewe una pumzi mbaya, nimekuona ukipanda kilima."

Nice alicheka mpaka akakalia makande ya watu.

Jumamosi ya pili nilipima chuchu. Mashine hizi zinachezwa kwa kitu cha kushika mikono miwili wanachokiita padi, na kwa mbele chini ya vidole kuna vitufe viwili vya kuvuta. Nilipovuta vya nyeupe, vilinirudisha nyuma, vikakaza, kisha vikaachia, sawasawa na mtamba wa uzazi wa kwanza ambaye hajaamua kama anakukubali. Halafu padi yote ikatetemeka mkononi kama kifaranga aliyenyeshewa. Nilishtuka nikaitupa kwenye kochi.

"Umeona, Bibi? Ina hisia!" Prosper akasema.

"Ina woga."

Padi ya nyeusi ilikaa mkononi vizuri, imetulia, ng'ombe mzoefu. Nikataka kuipa alama. Lakini kesho yake, Jumapili, nikawasha redio nisikie matangazo ya vifo, redio kimya. Nikaigeuza, nikafungua tumbo lake. Tupu. Mawe yangu mawili, yaani betri, hayapo. Redio hiyo ina waya wake pia, nimeukunja kwenye kabati nyuma ya vitabu vya nyimbo, ila umeme wa huku unakuja ukijisikia, kwa hiyo nimezoea mawe. Siku hiyo na umeme wenyewe haukuwepo. Nikakosa kusikia kwamba maziko ya rafiki yangu Susana wa Poli yamewahishwa siku moja, na nilipofika Jumatatu na kilo zangu za mchele, nilikuta watu wanasugua masufuria.

Nilimpigia Nice simu.

"Koko, samahani, niliyakopa tu. Padi ya nyeusi inatumia mawe, na yake yaliisha dakika ya themanini, naongoza."

"Ulishinda?"

"Nilishinda, Koko."

"Susana naye amezikwa bila mimi. Kipimo cha pili, nyeusi imekula chakula cha jirani. Alama imeondoka."

Jumamosi ya tatu nilipima kumbukumbu. Ng'ombe mzuri anamjua ndama wake hata akikaa naye mbali. Prosper akaleta CD ya mashine nyeupe iliyotangulia, ikakubali. Akajipiga kifua. Nice akafungua kitambaa, taratibu, kama anafungua sadaka, akatoa CD ambayo baba yake Lemburis aliicheza kabla hata hajamuoa Elizabeth. Akaisukuma ndani ya nyeusi. Ikafikiri muda mrefu, ikala bando lote la simu ya mama yake, kisha ikaitambua. Magari yakaanza kukimbia kwenye televisheni yangu.

"Hii mashine ina shukrani," nikasema. "Alama kwa nyeusi."

Prosper aliongea na ukuta mpaka saa tisa. Ilinibidi nimpe paja la kuku.

Nawaambieni ukweli, zile zilikuwa Jumamosi nzuri. Nilikuwa napika sufuria kubwa tena. Kelele zilifika mpaka kwa jirani, akauliza kama nina ugeni, nikamwambia ndiyo, ninao. Na ndiyo maana nilikuwa nimeshaandaa kipimo cha nne, cha tano na cha sita. Nilifikiria kupima miguu. Nilifikiria kupima tabia wakati wa mvua.

Lakini Jumamosi ya nne Ndesanjo akaja mwenyewe. Akanifuata jikoni, akafunga mlango.

"Mama, watoto wananiambia leo unapima mkia. Mashine ina mkia?"

"Waya."

"Mama. Unachelewesha."

Nikageuza ndizi kwenye sufuria, zilikuwa hazihitaji kugeuzwa.

"Nikichagua," nikasema, "mmoja ananuna. Umewasikia wenyewe. Huyu akinuna, haji. Mwenzake akikosa wa kushindana naye, naye atachoka, haji. Mimi nitabaki na mashine na paka."

Ndesanjo akafunika sufuria. Yeye ana moyo, ila ana duka. "Nina mteja Jumatatu. Moja lazima ishuke na mimi leo."

Basi tukaenda sebuleni. Nikakaa kwenye kiti cha marehemu, ambacho huwa sikikalii, na wote wakaona leo ni leo.

"Nice," nikasema, "huko Ngarenaro, kwenye vibanda vya gemu, wana ipi?"

Akatazama vidole vyake. "Nyeupe, Koko."

"Vyote?"

"Karibu vyote."

"Prosper, Sokon One?"

"Nyeupe tupu, Bibi! Daraja Mbili, nyeupe! Kila mahali!"

"Sikukuuliza Daraja Mbili. Kwa hiyo mtu akitaka kuazima CD, anaazima za ipi?"

Hilo walikuwa wameshalijibu.

Nikawasimulia habari ya jirani yetu mmoja, mzee Kasaine. Alileta mtamba kutoka mbali, mrembo, kiwele kama mtungi, hakuna ng'ombe wa kumfikia mlima mzima. Tatizo dume la aina yake halikuwepo huku, na Kasaine hakutaka la aina nyingine limguse. Yule mtamba alizeeka akiwa bibi harusi.

"Nyeusi ni ng'ombe mzuri," nikasema. "Ana nguvu, ametulia, ana kumbukumbu. Ila hapa hana jamaa. Nyeupe ndiyo inabaki."

Prosper aliruka akagonga kichwa kwenye taa. "Friji lirudi dukani! Nice, pole mwanangu, umefeli! Waarusha wote mmefeli!"

"Kelele, mla ndizi," Nice akasema, lakini kwa sauti ndogo. Akachukua sweta lake kwenye kochi, akaanza kulivaa, na jua lilikuwa kali nje. Nikajua huyu ndiye anaondoka na Jumamosi zangu.

"Kaa chini," nikamwambia. "Nyama haijagawanywa."

"Nyama gani, Koko?"

"Kwetu mbuzi akichinjwa kuna mtu anaondoka na mbuzi mzima? Mjomba ana fungu lake, shangazi ana lake, na kichwa kina mwenyewe. Prosper, umeshinda. Lete mkono." Nikampa padi zote mbili. Akazikumbatia. "Nice, lete mkono." Nikainama nyuma ya mashine, nikachomoa waya wa umeme, nikauzungusha vizuri, nikampa. "Huu ni mkia. Mwili unabaki kwangu. Kila mtu aende na fungu lake nyumbani kwao, alilinde."

Aliyecheka kwanza alikuwa Ndesanjo.

"Bibi!" Prosper akasema. "Hii si mbuzi!"

"Kama si mbuzi, mbona mwezi mzima mnaigombea kama fisi?"

"Sasa Nice asipokuja?"

"Utashika padi zako mbili utazame kioo cheusi."

"Na huyu asipokuja, Koko?" Nice akauliza, na sweta lilikuwa limeishia mkono mmoja.

"Utaiwasha, utazame taa yake tu."

Nice akaupima ule waya mkononi, akamgeukia binamu yake taratibu. "Prosper. Sema shikamoo dada."

"Nakuzidi mwaka mzima!"

"Umeme hauulizi umri. Sema."

Hakusema siku ile. Lakini niliona midomo inajaribu.

Ndesanjo akabeba ile nyeusi kwenda kwenye gari, Prosper akamfuata akimwomba amtafutie waya mwingine dukani, na baba yake mdogo akamwambia akipatikana mtu wa kuvunja neno la mama, si yeye. Kabla hawajatoka tulikuwa tumeimba wimbo mmoja na kusali, na Nice akabaki kunisaidia kurudisha vitabu vya nyimbo kabatini. Nikamsikia amesimama. Nikageuka. Mkono mmoja ameshika waya wa redio yangu, mwingine ameshika fungu lake, na anatazama ncha zake. Zote zina vitundu viwili, kama pua ya nguruwe. Akazigeuza. Zilikuwa sawasawa.

"Koko," akasema polepole. "Hii si ndiyo hii?"

"Ndiyo."

"Kumbe unajua?"

"Tangu Jumamosi ya kwanza, mwanangu. Niliziona ncha zake nilipoufuta vumbi."

Nje Prosper alikuwa bado anabishana na baba yake mdogo. Nice akatazama mlango, akanitazama mimi. Nikadhani atanirudishia fungu lake na kusema halina maana. Badala yake akazungusha ule waya wa redio nao, akaziweka zote mbili ndani kabisa ya mkoba wake, akafunga zipu.

"Naondoka nazo zote," akasema. "Huyu Prosper siku moja atakuja kutafuta wimbo kabatini, auone."

Jumamosi iliyofuata, saa tatu asubuhi, walikuwa mlangoni wote wawili, kila mmoja na fungu lake, viatu vimejaa tope. Prosper alisema, "Shikamoo Bibi," kisha akavuta pumzi ndefu, akatazama chini, akamgeukia binamu yake.

Nice alikuwa ameniletea mawe mapya ya redio, manne.