Figo ya Kitindamimba

Figo ya Jesse ilikataliwa Jumanne asubuhi. Daktari Winfrida alisema kipimo cha damu kimesoma vibaya, na mtu mwenye majibu kama yale hatolewi figo.

Aliyekuwa akiisubiri ni kaka yake, Ebenezeri. Figo zake mwenyewe zilishakufa, damu yake ikawa inasafishwa kwa mashine. Hakungoja daktari amalize.

"Gongo hiyo! Nilijua. Umekunywa mpaka umeoza ndani."

"Kaka, gongo niliacha tangu mwanangu Magreth azaliwe."

"Baba alikuachia kihamba, shamba la ukoo, kwa vile wewe ni wa mwisho, ukakigeuza kilabu. Sasa hata figo unaniletea mbovu, kama ya mbwa wa sokoni Kiboriloni!"

Watu kwenye benchi waligeuka. Jesse aliinamisha kichwa, taya zikimcheza.

"Mzee, hebu nyamaza," daktari alisema. "Jesse, tangu Jumamosi umekula nini?"

"Mbuzi."

"Kiasi gani?"

"Karibu mzima. Kaka ndiye aliyemchinja. Asubuhi kisusio, mchana nyama, jioni supu. Nikisema nimeshiba, ananiambia mwanamume haendi kupasuliwa na tumbo kavu. Hata leo alfajiri nimewekewa bakuli."

Ebenezeri alikohoa. Kwao Old Moshi, aliyejifungua au kuumia hupewa kisusio, supu ya damu ya mbuzi, arudishe nguvu. Yeye alitaka nguvu zitangulie kisu.

"Nyama nyingi hivyo hupandisha kipimo hiki," daktari alisema. "Huenda figo haina kosa. Kaa wiki nzima bila nyama, tupime upya."

Ebenezeri alishusha pumzi. "Umesikia, mdogo wangu? Wiki moja tu."

"Nimesikia yote," Jesse alisema. "Katafute mbwa mwingine."

Akatoka. Wiki ikapita, hakuonekana. Ebenezeri akamtuma shangazi Yuditha na jani la isale, ambalo Mchaga akiletewa lazima asamehe. Jesse alilipokea kwa mikono miwili.

"Mwambie nimemsamehe," alisema. "Figo siendi kupima."

Mpaka leo Ebenezeri anashushwa mjini mara tatu kwa wiki kulala kwenye mashine. Imekwisha kula ng'ombe watatu wa maziwa na shamba la mpunga la Chekereni. Mbuzi yule hahesabiwi. Na ndugu ambaye damu yake ilikubaliana na ya Ebenezeri alikuwa mmoja tu.