Magadi ya Wenseslaus

Shemeji yangu Wenseslaus alipopunguzwa kazi kiwandani mjini Moshi, alirudi kihambani, shamba letu la nyumbani la migomba na kahawa, na begi moja, redio isiyo na betri, na ujuzi wa kutengeneza sabuni. Ulikuwa mwaka wa tisini na tatu. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka hata watu wakaanza kung'oa mibuni wapande nyanya. Lakini sabuni kila nyumba inaitaka.

Alifanyia kazi yake nyuma ya banda la ng'ombe. Mume wangu alikuwa huko chini kwenye mashamba ya miwa, nyumbani tulibaki mimi na mama mkwe, basi mimi ndiye niliyemshikia shemeji ndoo. Sikuwa na maswali mengi. Nilitazama.

Siku ya kwanza alinionyesha jambo ambalo hata leo nikilikumbuka mwili unanisisimka. Alitia maji ya baridi kwenye ndoo ya plastiki. Akafungua mfuko wenye vipande vyeupe, vyembamba, kama mshumaa uliokwanguliwa, akawa ananyunyiza kidogo kidogo huku akikoroga kwa mti.

"Shika ndoo kwa nje, shemeji."

Nikashika. Nikaruka nyuma. Ndoo ilikuwa ya moto! Mvuke ukapanda, koo likaniwasha. Na hapakuwa na kuni pale, wala mkaa, wala jiko.

"Huu moto umetoka wapi?"

"Ulikuwa umelala humo ndani," alisema, anacheka. "Maji yameuamsha."

Kisha akaacha kucheka. "Sikia vizuri. Hii ni soda kali. Soda ndiyo inaingia kwenye maji. Maji hayaingii kwenye soda hata siku moja. Ukiimwagia maji juu, inakutemea usoni."

"Na ikinitemea?"

"Maji mengi, yanayotembea. Usipake mafuta, usikamulie ndimu. Maji mpaka uchoke, halafu uanze upya."

Alipomimina ule moto wa maji kwenye mafuta ya ng'ombe kutoka buchani, tulikoroga mpaka mkono ukafa ganzi. Yakawa mazito kama uji wa mgonjwa. Kesho yake yalikuwa yameganda, meupe, unakata kwa kisu. Kitu kinachokula ngozi ya mtu, na mafuta yanayonuka hata mbwa anasogea mbali, vimekutana vikawa kitu cha kumwogeshea mtoto, mradi uvipe wiki nne za kukauka. Nilishika kipande kile nikanyamaza kama watu wanavyonyamaza kanisani wakati wa mageuzo, mkate unapogeuka mwili wa Bwana.

"Ila ukiulizwa," Wenseslaus akaniambia, "sema ni magadi. Watu wa hapa wakijua jina lake, keshokutwa kila mgomba una kiwanda chini yake."

Mama mkwe, mama Epifania, aliuliza siku hiyohiyo.

"Mektrida, hicho mnachokoroga huko ni nini?"

"Ni magadi tu, mama."

"Magadi gani yanakohoza watu?"

"Ya mjini."

"Ya mjini!" Akapiga makofi. "Hata magadi siku hizi yamesoma."

Kwetu magadi ni ya kiburu. Unatia kipande kwenye kikombe, unakimwagia maji, unaacha taka zitulie chini, halafu yale maji ya juu unayamimina kwenye chungu cha ndizi na maharage. Hakuna mwanamke wa mlimani anayefundishwa hilo mara mbili. Kwanza magadi, kisha maji juu yake.

Alhamisi moja Wenseslaus alishuka sokoni Bomang'ombe na sabuni zake. Soda iliyobaki aliiacha kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya rafu ya stoo. Mimi nilikuwa kwenye migomba nakata majani ya ng'ombe. Nikasikia ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mama.

Nilimkuta jikoni amepiga magoti, kiganja juu ya jicho la kulia. Kikombe kilikuwa kimeanguka, kile kilichomwagika sakafuni bado kinatoa mvuke. Kopo lilikuwa wazi karibu na jiko.

"Mae! Mektrida, magadi yamenitemea!"

Sikumuuliza kitu. Pipa lilikuwa tupu, asubuhi nilikuwa nimenywesha ng'ombe. Ndoo moja ilikuwa nusu. Nilimwagia yote usoni, ikaisha kabla sijavuta pumzi ya pili. Nikamshika kiuno nikamburuta hadi mfongoni, mfereji wetu unaotoka msituni na kupita mteremkoni chini ya nyumba.

Mfongo ulikuwa mkavu. Alhamisi ilikuwa zamu ya maji ya jirani yetu, mzee Eliakim.

Anayeishi mlimani anajua maana yake. Kufungua maji katika zamu ya mwenzako si jambo la kuomba radhi likaisha. Watu wamepigana majembe kwa hilo. Nilipanda mbio hadi pale mfereji unapogawanyika, nikang'oa magome ya migomba na udongo vilivyoziba upande wetu, kwa mikono na kwa miguu. Maji yakanipita, baridi kama yametoka Kibo dakika ileile. Nikashuka nayo, nikamlaza mama ubavu wa kulia, kichwa mferejini, nikashika kope zake kwa vidole viwili nikazifungua ndani ya maji.

"Unaniua!"

"Fumbua, mama."

"Niwekee samli!"

"Hakuna samli."

"We mtoto, nitakulaani!"

"Nilaani, lakini fumbua."

Shavu lake liliteleza mkononi mwangu. Kila nikimshika vidole vinaponyoka, vinateleza kama nimempaka sabuni. Ndipo nikaelewa: ilikuwa sabuni kweli. Ile soda ilikuwa imeyakuta mafuta ya ngozi yake, inafanya kazi yake ileile, haijali kama haya ni ya ng'ombe au ya mama Epifania. Na lile jicho lilikuwa katikati.

Sijui nilianza kulia saa ngapi. Nilisikia tu jembe linagonga mawe, na mzee Eliakim amesimama juu yetu, suruali imekunjwa hadi magotini.

"Nani amekata maji yangu?"

"Shikamoo, baba."

"Shikamoo ya nini! Nyanya zangu zinakufa, wewe unaogesha mkweo?"

"Ni jicho, baba. Limeingia moto wa sabuni. Nikiacha maji halioni tena."

Akainama. Akaona ngozi ya shavu, nyekundu, inachubuka. Jembe likashuka taratibu.

"Mpaka lini?"

"Mpaka nichoke, kisha nianze upya."

Alipanda hadi kwenye mgawanyiko, akazibua upande wetu wote, akaziba wa kwake. Maji yakaja mengi hadi yakamfunika mama sikio. Huko juu nilimsikia akimfokea mtu, "Rudi! Leo hapa hakuna zamu!"

Ndani ya yale maji nikamwambia mama. "Mama, hayakuwa magadi. Ni sumu ya sabuni. Mimi ndiye niliyekudanganya."

Meno yake yalikuwa yanagongana kwa baridi.

"Nimeshaambiwa na jicho," akasema. Na akafumbua mwenyewe.

Kivuli cha mgomba kilikuwa kimetuvuka tulipotoka. Eliakim alisimamisha pikapu ya maziwa, tukashuka mjini. Hospitalini, daktari aliuliza tumeweka nini.

"Maji ya mfongo."

"Na nini kingine?"

"Maji tu."

Alinitazama kidogo, kisha akaliosha tena kwa chupa nzima ya maji yao, akapaka dawa, akalifunga. "Kama limeungua hadi ndani, litageuka jeupe kama maziwa," aliniambia pembeni. "Hapo sina la kufanya. Tungoje."

Wenseslaus alifika jioni, vumbi la Bomang'ombe bado miguuni. Alikaa kwenye benchi kichwa chini.

"Ningelitaja jina lake tu," akasema.

"Tungelitaja wote wawili, shemeji."

Tulingoja siku tisa. Mama hakutulaani, jambo lililonitisha kuliko laana. Alikuwa anasali rozari, akifika katikati anasahau anaanza tena.

Siku ya tisa daktari alifungua bendeji tabaka kwa tabaka. Kope zilikuwa zimeshikana. Akazilowesha, akasubiri. Jicho likafunguka polepole, jekundu lote, na pembeni alama ndogo nyeupe kama punje ya mchele. Lakini katikati palikuwa peusi, peusi pa kung'aa, na ndani yake niliona dirisha zima la wodi, dogo kama ukucha.

Daktari akaliziba jicho la kushoto kwa kiganja, akainua mkono. "Mama, vidole vingapi?"

Machozi yalimshuka mama. Wenseslaus alishika ukuta.

"Mama Epifania?"

"Subiri, kuna ukungu," akasema. Akakunja uso. "Viwili. Na huyo aliyesimama nyuma yako amevaa kitenge changu cha Pasaka. Nani amemruhusu?"

Nilijitazama. Kilikuwa chake kweli.