Sinia la Kumuaga Durga

Siku ya kumuaga Durga, mungu wa kike wa Wahindu, Kolkata nzima ilikuwa barabarani, na katika hema la mtaa hapakuwa na pa kutia mguu. Kabla sanamu haijapelekwa mtoni, wanawake wenye waume hai huilisha vitamu, huifuta uso kwa majani ya tambuu, huipaka sinduri, unga mwekundu ulio alama ya mwenye mume, kisha hupakana wao kwa wao, vicheko tele. Wajane hukaa kando. Ndivyo ilivyo, na nani wa kuuliza?

Paramita alisimama mbele kabisa. Miaka yote aliyeongoza ni mama mkwe wake, Nirupama. Mwaka huu kina mama wamemchagua yeye. Alijisikia huyo! Hata sinia la sadaka hakulibeba mwenyewe, alimwachia mumewe alilete.

"We, si mkweo yule?" Kakoli, jirani asiye na breki mdomoni, alimtonya. "Makubwa! Juzi tu kafiwa na mume, leo anatuletea sinia!"

Kweli, Nirupama alikuwa akijipenyeza kwenye umati, sari nyeupe pee, sinia la shaba kaliinua juu ya vichwa vya watu. Mtu akacheka. Paramita akamwendea mbiombio, akampokonya.

"Mama, umesahau kuwa huna mume? Unatuaibisha! Nenda nyumbani!"

Aliyasema kwa sauti ili Kakoli asikie. Bahati mbaya wapiga ngoma walikuwa wamepumzika, basi wakasikia wote.

Nirupama alivuta ukingo wa sari kichwani. "Sijasahau, mwanangu. Mumeo ndiye kasahau, kaliacha mezani. Nikasema, mkwe wangu ataongozaje mikono mitupu?"

Paramita akatazama. Vitamu, tambuu, na katikati kikopo cha fedha cha sinduri, kile ambacho marehemu alimpa Nirupama siku ya harusi yao. Hajawahi kumwazima mtu. Leo kakisugua, kakijaza mpaka juu.

"Mama, nisamehe, mimi..."

Lakini Nirupama alishageuka, anaomba njia, anaikusanya sari yake asije akamgusa mwenye mume.

Ngoma zikaanza tena. "Panda jukwaani kwa Durga, tunakungoja wewe!" Kakoli akapiga kelele.

Paramita alitamani ardhi immeze. Akapanda, akafungua kikopo, akaanza kumpaka Durga sinduri ya mama ambaye yeye mwenyewe kamfukuza.