Pamba Mlangoni

Nakutegea wewe hapo, usigeuke kutazama nyuma, hakuna mwengine. Ana jicho moja, na jicho lenyewe liko kiunoni. Anasimama usiku na mchana wala haketi. Kila mgeni humgusa yeye kwanza, kabla hajamgusa mwenye nyumba. Nani huyo?

Usikimbilie kunipa mji. Fikiri. Jicho la kiunoni ni tundu la ufunguo. Ehee, hapo umepata: mlango.

Basi mlango ninaotaka kukuhadithia uko Ibra, mji ulio mbali kidogo na Maskati, katika kichochoro kinachoteremkia kwenye mitende. Ni wa chuma, rangi ya kijani, na mbele yake pana daka, pahala pa kuingilia penye paa dogo na vibaraza vya saruji huku na huku. Daka hilo alilijenga Harub kwa ajili ya mama yake, Bi Fawziya, aliyeondoka Unguja na meno ya utoto kinywani, na ambaye kila nyumba aliyohamia alilalamika kwamba haina pa kukaa mtu akavua viatu kwa raha.

Kila Ramadhani ikifika nusu huja jioni ya Karankasho. Watoto wakishafuturu hutoka makundi makundi, mifuko shingoni, vijiwe mikononi wanavigonganisha, wakaimba mlango hadi mlango, na kila mlango ukawapa halua na karanga na peremende. Ada ya kichochoro kile ni moja: mlango uliopambwa na kuwaka taa ni mlango unaopokea. Mlango wa giza haubishwi.

Na mlango wa Harub ndio uliokuwa ukipendeza kuliko yote. Alifunga makuti mabichi kwenye nguzo za daka, akatundika fanusi za karatasi, akapitisha waya wa vitaa vidogo vidogo juu ya kizingiti, kisha akakaa kwenye kibaraza na sinia la halua akiwatania watoto mpaka wasahau kuimba.

Mwaka huu Harub hayupo. Moyo ulimsimama mwezi wa Rajabu, akiwa kazini, ameketi kwenye kiti chake. Mkewe, Basma, yumo ndani anakaa eda. Hatoki, hajipaki manukato, havai rangi. Anaswali, anakula anapolazimishwa, anajibu anaposalimiwa. Bi Fawziya alimzika mwana, na sasa alikuwa akimtazama mkwe anavyofifia chumba cha pili, asijue amshike wapi.

Siku ile baada ya adhuhuri, Bi Fawziya alikuwa jikoni anapiga unga wa kaimati. Mjukuu wake Wiam, binti wa Harub, alikuja akasimama karibu na friji, kidole mdomoni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Ushanisalimu asubuhi, hii ya pili ina jambo. Sema."

"Bibi, leo Karankasho."

"Najua."

"Watoto hatakuja kwetu."

"Hawatakuja. Watoto *hawatakuja*. Nani kakwambia?"

"Arwa. Wa skuli. Kasema nyumba yetu iko na mait. Wakipita hapa anakimbia, wote, mpaka kwenye dukani. Mimi nimeona kwa dirisha." Wiam alitoa kidole mdomoni. "Bibi, kwa ammi Luay kule Maskati, unakumbuka?"

Vipi asikumbuke. Luay, mwanawe mdogo, anakaa katika mtaa wenye wageni wa kila nchi, na mwezi wa kumi wa kizungu uliopita Harub aliwapeleka kumtembelea, wakakuta majirani wana sikukuu yao ya mizimu. Milango imetundikwa mafuvu ya plastiki, mifupa inaning'inia, utando wa buibui wa pamba umetanda kutoka dari mpaka chini kama nyumba iliyohamwa miaka. Na watoto, badala ya kukimbia, wanapigana vikumbo kuingia! Harub alicheka mpaka akashika mbavu. "Mama, tazama," alisema, "wamemwita maiti aje kugawa peremende."

"Kule ameweka mifupa," Wiam alisema, "na watoto amekuja. Sisi hatujaweka kitu, na anakimbia. Kwa nini?"

Bi Fawziya aliendelea kupiga unga. Unga ulikuwa ushakuwa laini zamani.

"Bibi. Mama anakaa eda. Na mlango nayo inakaa eda?"

Hilo ndilo swali. Bi Fawziya alisoma mpaka darasa la nne, akasoma msahafu akahitimu, akawasikiliza mashekhe wa redioni miaka nenda miaka rudi, na hakupata kusikia mtu akiulizwa hilo. Yeye kwa moyo wake alijua angejibu nini. Lakini aliyefiwa na mume si yeye. Akitundika fanusi na Basma akaiona kuwa ni ngoma juu ya kaburi la mumewe, atamrejeshaje tena?

"Kamuulize mama yako."

"Nimemuuliza. Hakusema. Kaenda kuswali."

Alipofika wifi yake, Tufool, dada wa marehemu mumewe, na bakuli la shurba, supu ya kufuturia, mkononi, Bi Fawziya alimtupia neno hilo kwa mzaha, apime upepo. Tufool aliweka bakuli chini.

"Kupamba? Nyumba ya eda? Fawziya, umri huo umekupanda kichwani?"

"Mjane ndiye asiyejipamba, wifi yangu. Ukuta je?"

"Ukuta! Utawaambia watu ni ukuta? Watasema Harub hajakauka udongo, mamake kawasha taa."

"Watu gani? Kichochoro kizima ni mimi, wewe na yule fundi wa viyoyozi."

"Huyo huyo fundi atasema."

Walicheka kidogo, kisha wakanyamaza wote wawili, kwani kicheko katika nyumba ile kilikuwa kimekuwa kitu cha kuombea radhi.

Baada ya alasiri Bi Fawziya alimwona Wiam amekaa peke yake kwenye daka, amepakata mfuko wake mpya wa Karankasho, hana pa kuupeleka. Hapo ndipo alipokata shauri. Kidogo tu, alijiambia. Kitu cha kumfurahisha mtoto.

"Wiam!" aliita kutoka jikoni, mikono imejaa unga. "Haya, pamba mlango. Kidogo tu, umenisikia? Mimi nachoma kaimati, nakuja."

"Pamba?"

"Ndiyo, pamba! Vitu vipo kabatini, chumba cha wageni."

Sasa ngoja nikueleze, maana hapa ndipo ilipoharibikia. Watoto waliozaliwa huku Kiswahili chao ni cha kuokoteza. Wiam alijua *zayyini*, neno la Kiarabu la kupamba, kwa sababu ndilo la skulini. *Pamba* yeye aliijua moja tu, ile nyeupe ambayo Bibi huichovya mafuta akamtia sikioni likimuuma. Na pamba mlangoni alikuwa keshaiona kwa macho yake, kule Maskati, na baba yake akicheka.

Alikwenda kabatini. Kasha la mapambo ya Harub lilikuwa juu, hakulifikia wala hakulitafuta. Chini, nyuma ya mashuka, alikuta bunda la pamba limefungwa ndani ya mfuko. Akalichukua.

Bi Fawziya alipotoka na sahani ya kaimati, harufu ndiyo iliyomfikia kwanza. Kafuri, manukato ya maiti. Alijua kabla hajaona. Mlango ulikuwa umetanda pamba kutoka kwenye komeo mpaka kizingitini, imevutwa nyembamba nyembamba, imefungwa kwenye misumari, imeteremka mpaka vibarazani. Mtoto alikuwa ameifanya kwa ustadi, ulimi umemtoka kwa bidii. Na pamba ile ni iliyobaki siku alipooshwa Harub, akapambwa, yaani akazibwa pamba mwilini, akavishwa sanda. Bi Fawziya mwenyewe ndiye aliyeichana vipande kwa mkono wake. Iliyobaki hakuwa na moyo wa kuitupa, akaificha.

Aliiweka sahani kibarazani. Na Tufool, aliyekuwa hajaondoka, akatokeza nyuma yake, akajipiga kifua.

"Yaa Rabbi! Mmepamba mlango au mmepamba maiti?"

Sauti ilifika ndani. Basma alitoka chumbani na mavazi yake ya eda, akasimama ukumbini, akaona. Alisogea mpaka mlangoni, akaunyosha mkono, akaishika ile pamba kwa ncha za vidole, akavileta vidole puani.

"Bibi kasema pamba," Wiam alisema, midomo inaanza kumcheza. "Hii si pamba? Kama kwa ammi Luay. Watoto waje. Mama, watoto waje."

Basma alimtazama binti yake. Kisha akageuka, akarudi chumbani, akaurudisha mlango taratibu bila kuubamiza.

"Umeona?" Tufool alinong'ona.

"Nimeona."

Bi Fawziya alimkalisha Wiam, akamfuta machozi kwa ncha ya mtandio, akamweleza kwa Kiswahili na kwa Kiarabu, polepole, kwamba kosa si lake, neno ni moja na kazi zake ni mbili. Akaitoa pamba yote kwa mikono yake, kipande kwa kipande, akaikunja ndani ya kitambaa safi, akamwambia Tufool kesho waizike shambani chini ya mtende. Mlango ukabaki mtupu, na ulionekana mtupu kuliko asubuhi.

Kuuacha vile hakuweza. Kama pamba ile ndiyo ya mwisho kuwekwa pale, basi mtoto yule hatausahau mlango huo maisha, na kila akiupita ataikumbuka kafuri. Alipanda kiti, akaliteremsha kasha la Harub.

"Mimi simo," alisema Tufool.

"Basi kaa."

"Simo. Nashikilia ngazi tu, usije ukavunjika nyonga tukaongeza msiba."

Fanusi zilikuwa zimekunjwa vizuri, moja moja. Waya wa vitaa ulikuwa umezungushwa kwenye kipande cha boksi, na katika waya, kila baada ya pahala, Harub alikuwa amefunga vitanzi vya uzi, vile vile vyenye fundo analofunga yeye, kubwa na baya, ambalo mama yake alikuwa akimcheka nalo tangu alipokuwa akifunga viatu vya skuli. Bi Fawziya aliposhika kitanzi cha kwanza ngazini, alikipapasa kwa kidole gumba, asikitundike.

"Nini?" Tufool aliuliza toka chini.

"Mafundo yake."

"Usiyafungue."

"Nifungue niwe nna wazimu?"

Kila kitanzi kilikaa kwenye msumari wake bila kupimwa. Wakakata makuti, wakayafunga nguzoni. Wakatundika fanusi. Wiam alifagia daka, akatandika mkeka, akapanga peremende sinia zima kwa rangi. Hakuimba, ila alianza kuuliza maswali yake ya kawaida, na Bi Fawziya akashukuru.

Likabaki jambo moja. Plagi ya vitaa imo ukumbini, pembeni ya mlango wa chumba cha Basma. Wiam aliuburuta waya mpaka pale, akakaa chini nao mkononi, akamtazama bibi yake. Bi Fawziya akatikisa kichwa.

"Si mimi wa kuwasha, mama. Wala si wewe."

"Nani?"

Bi Fawziya akautazama mlango wa chumba. Adhana ya magharibi ikalia. Wakafuturu kwa tende na maji na ile shurba, watatu wao. Basma akapelekewa sahani yake ndani, na Tufool aliyeipeleka alirudi na sahani ya daku, haijaguswa. Daka lilikuwa limepambwa, na lilikuwa giza.

Kisha vijiwe vikaanza. Tak, tak, tak, mwanzo mbali, upande wa msikiti, halafu karibu, na sauti ndogo ndogo zikiimba. Walibisha kwa fundi wa viyoyozi, wakacheka. Wakabisha nyumba ya pili. Bi Fawziya alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa chuma, mkono kwenye komeo, anachungulia katika upenyo. Aliwaona wanafika kwenye kona. Aliwaona wanasimama. Msichana mmoja wa mbele alinyosha kidole kwenye makuti, akasema neno, na mwengine akamvuta nguo.

"Ni giza," ikasikika. "Hawapokei. Twendeni."

"Bibi," Wiam alisema toka sakafuni, na sauti yake ilikuwa nyembamba kama ule waya, "anaondoka."

Tufool aliinamisha kichwa.

Mlango wa chumba ukafunguka. Basma alisimama pale, kichwa kimefunikwa, macho yamevimba, na mkononi ameshika ile sahani ya futari, tupu. Alimtazama mkwewe aliyeganda komeoni, akamtazama Tufool, akatazama waya ulioingia ukumbini na yale mafundo makubwa mabaya, moja moja, mpaka ulipoishia kwenye kiganja cha binti yake. Nje vijiwe vilikuwa vimeshanyamaza.

Akachutama mbele ya Wiam.

"Mlango haukai eda, mama," alisema. "Ninayekaa eda ni mimi. Washa."