Kiu ya Walubengo Inaomba Kiti

Alhamisi moja ya Julai mwaka 1938, saa kumi jioni, Dinah alikuwa akigeuza nafaka ya wimbi iliyoanikwa kwenye mkeka, nyumbani kwake karibu na Bungoma, mgeni alipoingia uani bila kupiga hodi. Alikuwa mwembamba. Miguu yake ilijaa vumbi jekundu la barabara ya Kitale, na alivaa koti la kijivu ambalo Dinah alilifahamu vizuri, kwa kuwa kiraka cha kiwikoni alikishona mwenyewe. Kwapani alikuwa na mrija mrefu wa kunywea pombe ya busaa.

"Mulembe, Mama Peris," alisema.

"Mulembe. Wewe ni nani?"

"Mimi ni kiu ya bwana yako. Nimetembea siku mbili. Kama kiti iko, nipe nikae."

Dinah alimtazama kidogo. Upande mmoja wa wimbi ulikuwa haujageuzwa, kwa hiyo akaumaliza. Kisha akaingia ndani, akamtolea kigoda.

Kiu hiyo ilikuwa imetafutiwa dawa kwa miaka mitatu. Kwanza mumewe, Walubengo, alipelekwa misheni, akaweka kidole gumba kwenye kadi ya kuapa kuacha pombe. Kadi ikatundikwa ukutani kanisani, na siku ya tatu ikaanza kunuka busaa mpaka mzee wa kanisa akaishusha. Halafu daktari wa Kitale akampa chupa ya dawa nyeupe na kumwambia aache kunywa. Alimaliza chupa. Halafu kaka yake, Wabwile, akamfungia ghalani siku ishirini. Siku ya ishirini na moja alitoka amekonda, na kiu yake imenona.

Mwisho Dinah alimpandisha mlima Elgon kwa bibi kizee aitwaye Chepkorir. Chepkorir alimnywesha maji ya magome, akamtapisha, akamlisha uji wa asali, akamlaza. Siku ya tisa kiu ilimtoka. Ilisimama mlangoni, ikapangusa magoti, ikachukua koti na mrija, ikawaaga waliokuwepo, ikashika njia ya Kitale. Dinah alilipia mbuzi mmoja kama walivyopatana, akarudi na mume mzima.

Na kweli alikuwa mzima. Alishika jembe kabla ya jua. Alipaka nyumba udongo mpya. Mikono yake haikutetemeka hata akinyolewa. Lakini juma la pili jirani alipita njiani na kumsalimu Dinah, "Mama Peris, habari ya kutwa," na Walubengo akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Peris ni nani?"

Peris alikuwa binti yao. Alifariki kwa homa akiwa na miaka minne, huko Kitale, kwenye shamba la mzungu walikokuwa wakifanya kazi. Dinah alimweleza. Walubengo alisikiliza kwa heshima, kama mtu anayeelezwa msiba wa kijiji kingine. Kuanzia siku hiyo Dinah alimlilia mtoto peke yake, akawa kama aliyebebeshwa peke yake boriti ya kubebwa na watu wawili.

Sasa mgeni alikaa chini ya upenu, akanywa uji, na bila kuulizwa akaanza kusema.

"Unakumbuka vile alikuwa anamenya ndizi? Kutoka chini. Tukimwambia anaanzia kwa matako ya ndizi, anacheka mpaka anakaa chini."

Dinah aliacha mkeka.

"Na ng'ombe za kulima," mgeni aliendelea. "Kumi na sita. Yeye anahesabu moja, mbili, tatu, mingi. Jumamosi baba yake anambeba mabegani, anaimba, na ile harufu ya mahindi mbichi ikichomwa kwa laini za nyumba za wafanyakazi. Moshi ya jioni, Mama Peris. Watu wote wako nje. Walubengo alikuwa na sauti, bana!"

Alikuwa nayo. Wiki zote sita tangu washuke mlimani hakuwa ameimba.

Walubengo aliporudi kutoka shambani alimwona mgeni, akasimama mbali. Upepo ulileta harufu ya koti, na mikono yake ikanyooka kuelekea mrija. Akaifunga kifuani.

"Mtoe," alimwambia mkewe.

Wabwile, aliyekuja kuazima shoka, aliona jambo hilo rahisi. "Shemeji, hii si mgeni, hii ni shida. Umeipatia kigoda? Kesho itaomba kitanda, kesho kutwa mahari!" Akachukua fimbo na kumpiga mgeni mara mbili mgongoni. Mgeni aliendelea kunywa uji. Walubengo ndiye aliyeanguka, akagaagaa kwa kiu, akiita busaa kwa jina kama mtu anayemwita mama yake. Wabwile akaiweka fimbo chini na kwenda zake, shoka akalisahau.

Asubuhi Dinah alipanda mlima.

"Nyanya, imerudi," alisema.

"Mimi nilisema nitaitoa," Chepkorir alijibu, akichambua mboga. "Sikusema itakufa."

"Ilienda na mtoto wangu. Kwa nini?"

"Kiu na mtoto vilikuwa vimefungwa kwa kamba moja. Nilivuta moja, mbili zikakuja. Nikikata mahali pengine bwana yako anakufa." Aliweka mboga kwenye chungu. "Sikiza. Msiipige. Msiifukuze. Msiipe pombe hata tone. Kila siku saa ile ile muipe kiti na uji, na bwana yako akae karibu. Akitaka mtoto, atampata huko."

"Na kama ataanza tena kunywa?"

"Hiyo sijui. Ndiyo maana leo siitishi mbuzi."

Dinah alimfikishia mumewe maneno hayo yote, hata lile la mwisho. Hakumsihi. Alimwambia tu kwamba akikataa, ataendelea kuwa mume mzuri na yeye hatalalamika, na kwamba akikubali huenda wakapoteza nyumba na kila kitu. Walubengo alipalilia siku mbili. Siku ya tatu, saa kumi, alitoa kigoda cha pili na kukiweka chini ya upenu.

Siku ya kwanza mgeni alimwambia juu ya ndizi. Walubengo alitokwa jasho, akashika kigoda kwa mikono miwili. Siku ya pili alimwambia juu ya ng'ombe. Siku ya tano Walubengo aliimba ubeti mmoja, na Dinah, aliyekuwa jikoni, akauma kanga yake. Siku ya tisa mgeni alifika kwenye Jumamosi aliyofariki Peris.

Katika shamba lile la Kitale posho ilitolewa Jumamosi, kando ya mapipa mawili ya busaa ambayo mzungu mwenye shamba aliyatoa bure. Mtu alikunywa kwanza, ndipo akapimiwa unga. Mzungu alikuwa amegundua kwamba watu waliokunywa hivyo hawahamii shamba lingine, wala hawaulizi mambo siku ya Jumatatu. Walubengo alikuwa ametumwa mjini kununua kwinini. Peris alikuwa na homa, na unga ulikuwa umeisha nyumbani, kwa hiyo alipita kwenye mapipa kwanza. Aliporudi jua lilikuwa limetua.

"Kabla utoke ulimwambia kitu," mgeni alisema.

"Nilimwambia nitamletea dawa chungu na ndizi tamu," Walubengo alijibu. Hakuna aliyemkumbusha. Aliweka kichwa magotini na kulia, na Dinah akaja kukaa upande wake wa pili, na kwa mara ya kwanza boriti ile ikawa na watu wawili.

Agosti walitembea kwenda Kitale, wote watatu. Walubengo alibeba ndizi moja ndogo ya kuiva, ameifunga kwa jani ili isipondeke. Walifika Jumamosi mchana. Mapipa yalikuwa mahali pale pale, na wanaume wameyazunguka na mirija yao. Nyapara, Kiplagat, alimtambua.

"Walubengo! Umerudi? Kuja ukunywe kwanza, posho bado."

Mgeni alikuwa ameshachutama kati ya watu. Aliingiza mrija ndani ya pipa na kuelekeza ncha yake nyingine kwa Walubengo, bila ubaya, kama mtu anavyompa mwenzake nafasi. Walubengo alisimama hapo kwa muda ambao Dinah aliuona mrefu kuliko safari yote. Akauma mdomo mpaka damu ikatoka.

"Kuja," alimwambia mgeni. "Wewe ndiye unajua mahali."

Mgeni alichomoa mrija, ukiwa bado mkavu ndani, akamfuata.

"Unaenda wapi?" Kiplagat aliita. "Hapo hakuna makaburi tena. Hapo ni mahindi."

Ilikuwa kweli. Makaburi ya wafanyakazi yalikuwa yamelimwa miaka miwili iliyopita. Mahindi yote yalikuwa yamepita kichwa cha mtu mzima, isipokuwa kwamba hapa na pale kulikuwa na shina fupi, lenye urefu wa mtoto. Walubengo alihesabu kumi na moja, kisha akaacha. Mgeni alisimama kwenye moja lililofika kiunoni. "Hapa," alisema.

Walubengo alipiga magoti, akafungua jani, akaiweka ndizi chini ya shina. "Nimechelewa," alisema. Dinah aliketi karibu naye. Mgeni alikaa mstari wa pili wa mahindi, mrija mapajani. Upande wa mapipa wanaume walianza wimbo, ule ambao Walubengo alikuwa akiuimba zamani. Mikono yake ilitetemeka muda wote huo, na hakuinuka.

Wimbo ulipofika mwisho, Dinah aliinama na kuokota ganda tupu la ndizi. Lilikuwa limemenywa kutoka chini.

Alilikunja, akalifunga kwenye pindo la kanga. Huko kwenye mapipa Kiplagat alikuwa akiwaita wengine kwa majina, waje wanywe kwanza.